Sababu ya Kuiuza Toyota ya Kijani

Swali lilikuwa lile lile. Waliopiga simu walianza na injini, wakaenda kwenye giaboksi, wakauliza tairi zimebakiza uhai gani, kisha, kana kwamba limewajia sasa hivi, wakauliza, "Na mbona unaliuza?"

Lyall Strang alikuwa na majibu matatu akiyatumia kwa zamu. Vijana aliwaambia anataka kuunda jingine. Watu wa makamo aliwaambia mgongo unamsumbua. Wale ambao sauti ya mke ilisikika nyuma ya simu aliwaambia amechoka kununua mafuta, wakacheka pamoja. Hakuna jibu lililokuwa la kweli, wala hakuna aliyelimeza lote, maana anayenunua gari la uwanjani anajua fika kwamba haliuzwi ila limepata kasoro, au mwenyewe kaipata.

Gari halikuwa na kasoro. Miaka kumi na moja nyuma alilikuta kwa mkulima mmoja karibu na Gore, Toyota ya viti viwili yenye injini mgongoni, kuku wametagia kwenye kiti cha abiria. Akalifungua lote mpaka likabaki mifupa. Zulia akatupa, redio akatupa, milango akaikwangua ndani mpaka ikawa myepesi kama sinia. Kizimba cha mabomba cha kumlinda dereva gari likipinduka alikichomelea mwenyewe, springi akafunga fupi na ngumu, breki akatafuta kubwa kuliko gari lenyewe. Baada ya hapo serikali haikuliruhusu tena barabarani, akawa analivuta kwa tela. Lilikimbia Jumapili nane tu kwa mwaka, zile ambazo chama cha magari hufungua uwanja nje ya Invercargill, kila mtu akaja na lake akashindana na saa. Lyall aliuzunguka uwanja ule kwa dakika moja na sekunde sita. Kwa fundi wa mitambo wa kiwanda cha maziwa ya unga, mwenye miaka sitini na miwili, huo ulikuwa utajiri wake wote wa kujivunia, na alijivunia sana, tusimsingizie unyenyekevu.

Aliishi peke yake ng'ambo ya Fortrose, mwisho wa barabara ya changarawe, ambako upepo wa bahari huinamisha miti yote upande mmoja. Mkewe Avis alihamia mji wa Nelson, mbali kaskazini, kwa dada yake. Alisema anafuata jua, na hakuna mtu wa huku kusini aliyethubutu kumlaumu. Kutoka nyumbani kwa Lyall mpaka dukani ni mwendo wa nusu saa kwa pikapu, na basi halijawahi kufika. Asiyeendesha gari hakai kule hata wiki moja.

Mambo yalianza Januari kwa kikombe. Alikigonga kikaanguka, kesho yake akagonga kingine, vyote upande wa kushoto. Wiki iliyofuata nguzo ya geti lake mwenyewe ikang'oa kioo cha pembeni cha pikapu, kile cha kushoto. Hapo akaketi mezani, akaziba jicho moja, kisha la pili, akiitazama kalenda ya ukutani. Kwa macho yote mawili, wiki ilianza Jumatano. Jumapili, Jumatatu na Jumanne hazikuwepo mpaka ageuze kichwa.

Hakwenda kwa daktari. Daktari angesema neno, neno lingeandikwa, na likishaandikwa leseni ingekwenda, na nyumba ingefuata leseni. Lyall aliogopa, na hofu hiyo hakumwambia mtu yeyote. Alijifunza kugeuza shingo kila baada ya muda kama bata, akajiambia mambo yanakwenda.

Mwezi wa nne, kwenye kona ya tatu, gari la mtu lilizunguka kama pia likasimama katikati ya njia, moshi ukitoka. Irvine Kerse, msimamizi wa kona ile, aliruka ukuta wa matairi kwenda kumtoa dereva. Mkewe, Noeline, aliyeshika bendera kwenye kona ile kwa miaka ishirini na sita, akapeperusha nyekundu kwa mikono miwili. Bendera nyekundu maana yake ni moja tu, kwamba wote wasimame. Wakasimama wote isipokuwa Toyota ya kijani. Ilipita kwa kasi yake yote, na upepo wake ukampokonya Irvine kofia kichwani.

Mchana ule kamati ikamweka kiti moto. Mwenyekiti akamuuliza taratibu, "Lyall, hukuiona bendera?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini nyuma ya neno hilo lilisubiri swali jingine, kwamba ilikuwaje asiione, na Lyall aliliona hilo swali kabla halijaulizwa.

"Niliiona," alisema. "Saa ilikuwa inakwenda vizuri. Nikataka kumaliza mzunguko."

Sisi watu wa uwanja tunasamehe mengi. Anayevunja gari lake tunamsaidia kuokota vipande, anayetia chumvi kuhusu nguvu za injini tunamcheka tu. Lakini mtu aone nyekundu akanyage mafuta, na huku mwenzake yuko njiani kwa miguu! Noeline alimtazama kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga. Wakamfungia miezi sita. Lyall akatoka na aibu ambayo hakuistahili, ameichagua mwenyewe, kwa kuwa ile iliyomstahili ingemnyang'anya ufunguo wa pikapu.

Usiku wake akaandika tangazo la kuuza. Yeye peke yake alijua alivyokaribia kuua mtu, na hakutaka kurudia. Toyota angeiacha. Pikapu aliendelea nayo, kazini, dukani, kila mahali. Ndivyo tunavyotubu wengi wetu, nusu nusu, ile nusu isiyotugharimu nyumba.

Mnunuzi wa kweli alipatikana mwezi wa kumi. Anaru Tipa, mkata manyoya ya kondoo kutoka Tuatapere, mabega kama mlango wa ghala, alikuja na mkewe Pania Jumapili ya kwanza ya uwanja baada ya majira ya baridi. Upepo ulikuwa wa kupasua midomo. Pania alitia mikono mifukoni, akalizunguka gari mara mbili.

"Halina hita?" akauliza.

"Halina hata zulia, mama," Lyall alisema.

"Na hela yote hiyo. Anaru, kwa hela hiyo mimi napata jiko jipya na hita mbili."

"Jiko halina sekunde sita," Anaru akamjibu, akainama kuchungulia injini. Alikuwa ameshapenda, mtu angeliona hilo akiwa ng'ambo ya uwanja. Kisha akainuka, akajifuta mikono. "Mzee wangu, nikuulize tu. Mbona unaliuza?"

"Mgongo," Lyall alisema.

Anaru akamtazama mgongo, ulionyooka kama nguzo, akaguna.

Kwa desturi yetu gari kama hilo halinunuliwi likiwa limesimama. Muuzaji analiendesha kwanza mizunguko mitatu, mnunuzi kiti cha kushoto, ndipo wanabadilishana. Lyall alikuwa amejiandaa kuikwepa. Alimkabidhi Anaru ufunguo mkononi. "Nenda wewe moja kwa moja. Mimi nitakusubiri hapa."

"Thubutu!" Anaru alirudisha mikono nyuma. "Nianze kulisukumasukuma gari nisilolijua mbele ya kadamnasi, wanicheke mpaka Tuatapere? Umeandika dakika moja na sekunde sita. Nionyeshe."

"Upepo ni mkali leo."

"Mzee, au hizo sekunde ulizipata kwenye karatasi?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Damu ilimpanda Lyall usoni. Akajipigia hesabu haraka: uwanja unazungukwa kwa mkono wa kulia, kona zote za maana ziko kulia, na kulia aliona vizuri. Mizunguko mitatu tu. Njia aliijua kuliko ngazi za nyumba yake. Akavaa helmeti.

Noeline Kerse siku hiyo alikuwa langoni, akikagua mikanda ya kila gari linaloingia njiani. Kwa miezi sita hakuwa amemwambia Lyall neno. Hata kwenye meza ya chakula ya chama, penye mikate ya kukunja yenye jibini ndani, ambako yeye ndiye mpakaji siagi mkuu, Lyall alisukumiwa wake mkavu, bila hata kutazamwa. Akainama dirishani upande wa Anaru, akaivuta mikanda mpaka jamaa akatoa pumzi.

"Sikiliza, kijana. Mkishaanza hamtasikilizana humo ndani. Ukiona imetosha, au kuna chochote kibaya, inua mkono wa kulia juu, hivi, dereva ataona atapunguza." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, akamtazama Lyall. "Akitaka kuona."

Lyall akamwinamia abiria wake na kuubana mlango wa kushoto. Uligonga, akaridhika. Hakuona kwamba haukushika.

Mzunguko wa kwanza alijizuia. Wa pili, tairi zilipopata moto, alijisahau. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndilo lililomuuma zaidi baadaye: alifurahi. Miezi sita alikuwa mtu anayetazamwa vibaya na anayegonga vikombe, na sasa gari likajibu kila alichokiomba, likalala kwenye kona likanyooka, injini ikiimba nyuma ya shingo. Kulia kwake kila kitu kilikuwa mahali pake. Kushoto kulikuwa kimya, hakuna kitu, na kwa kuwa hakuna kitu hakukumsumbua.

Kushoto, mlango ulikuwa umefunguka. Kila kona ya kulia ilimtupa Anaru upande wa nje, na kila alipotupwa mlango ulijipanua shubiri nzima, lami ikipita chini ya kiwiko chake. Kwa mkono mmoja aliushikilia mlango. Mwingine aliuinua juu, kama alivyofundishwa, inchi chache kutoka usoni mwa dereva. Aliushikilia hapo nusu ya mzunguko wa pili. Kwenye kona ya tatu Irvine aliuona mlango akapeperusha bendera, gari likampita. Anaru aliinua mkono mzunguko wa tatu wote, akipiga kelele ndani ya helmeti, na watu wote uzioni wakauona mkono ule ukipita mbele yao, na dereva ametulia, anatazama mbele, anabadilisha gia.

Mwishowe Anaru alimshika paja akaliminya kwa nguvu zake zote. Lyall akageuza kichwa. Akaona mlango, akaona lami, akaona macho ya yule mtu.

Waliporudi langoni Pania alikuwa ameshafika, bila kujali uzio wala kanuni. "Wewe una wazimu?" alimpigia kelele Lyall hata kabla hajatoa helmeti. "Mkono ulikuwa juu! Mzunguko mzima, mkono juu, na wewe unaendesha tu! Ulitaka kumtupa mume wangu njiani kama gunia?"

Anaru alishuka, akaketi chini palepale kwenye lami. "Mzee," alisema, "nimefanya nini mimi kwako?"

"Hujamfanya kitu," Noeline alisema. Alikuwa mweupe usoni. "Ndivyo alivyo. Alifanya hivyo kwa mume wangu. Huyu akiipenda saa yake, mtu si mtu. Ona, hata hajali."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Lyall, umeshazoea njia. Angesema aliuona mkono, angesema alitaka kumwonyesha hizo sekunde sita. Wangemwamini wote. Wangemfungia maisha, naye angepanda pikapu yake akaenda zake nyumbani. Akamtazama Anaru pale chini, mtu mzima aliyekuja kununua gari akaishia kushikilia mlango kwa ajili ya uhai wake, na safari hii uongo haukutoka.

"Sikuuona," alisema.

Pania alicheka kwa hasira. "Hukuuona! Mkono wote huu! Uko hapa, na pua yako iko hapa!"

"Hukuuona," Noeline akarudia. "Aprili uliona na hukusimama, leo hukuona. Lyall, usitufanye watoto."

Hapo ndipo Lyall alipoelewa kwamba ukweli wake haukuwa na thamani tena, ameshautumia wote vibaya. Akavua glavu, akasimama wima, akatazama mbele, kwenye nguzo ya lango.

"Noeline. Simama hapo kushoto kwangu. Mimi natazama nguzo ile. Inua kitu chochote. Ukishainua niambie."

Upepo ulipiga bendera za langoni. Lyall alisubiri, macho kwenye nguzo, na kwa kuwa kimya kilizidi akasema, "Niko tayari. Inua."

"Nimeshainua zamani," Noeline alisema. Sauti ilikuwa karibu sana, karibu kuliko alivyodhani, na ilikuwa imebadilika.

Alikuwa ameinua bendera nyekundu. Akaisogeza polepole mbele ya uso wa Lyall, kitambaa chote, kikubwa kama shuka la mtoto, mpaka kilipokaribia kuigusa pua.

"Hapo," Lyall alisema. "Hapo naona."

Noeline akaishusha. "Na Aprili?"

"Aprili sikuona kitu. Sikumwona hata Irvine. Kofia niliambiwa baadaye."

"Ukasema mbele ya kamati uliiona."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Lyall? Kwa nini mtu aseme hivyo? Miezi sita nimekuchukia. Nimeamka nakuchukia, nimepaka mikate siagi nakuchukia. Irvine bado anashtuka usingizini. Kwa nini?"

"Ningefikaje nyumbani?" Lyall alisema.

Anaru alijiinua, akaenda kwenye gari, akaubana mlango wa kushoto mara ya kwanza, akaufungua, akaubana mara ya pili kwa nyonga, akausikiliza. Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva akaomba helmeti.

"Anaru Tipa," Pania alisema, "usiniambie."

"Gari halina kosa, Pania. Liliniambia kila kitu kinachotakiwa. Kilichokuwa kinanitia shaka ni kimoja tu, mbona analiuza, na sasa najua." Akamgeukia Lyall, na hakukuwa na tabasamu. "Kitasa kile nitabadilisha. Hela utapata kesho. Lakini mzee, mimi nina mama yangu barabarani huko, na ndugu zangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Anaru alizunguka uwanja mara tano peke yake, taratibu, na Lyall alimsikiliza bila kumtazama. Tela nalo likaenda na gari. Halikuwa na kazi tena ng'ambo ya Fortrose. Ilipofika saa tisa alasiri, pikapu ilibaki peke yake pale maegeshoni, nyepesi, kioo cha pembeni cha kushoto kimeshikiliwa kwa utepe wa gundi. Lyall alikuwa ameshika ufunguo. Noeline alimjia akanyoosha kiganja, na wakasimama hivyo kwa muda ambao Irvine, akisubiri kwenye gari lao, alisema baadaye ulimtia huruma asiyoitaka. Kisha Lyall akauweka ufunguo kiganjani.

Noeline aliendesha, Irvine akifuata nyuma ili amrudishe. Kiti cha kushoto cha pikapu yake mwenyewe Lyall alikuwa hajakikalia kabla ya siku hiyo. Juu ya dashibodi kulikuwa na mkate wa kukunja wa jibini kwenye karatasi, siagi imepenya mpaka nje. Hakujua nani aliuweka, na hakuuliza.

"Kesho nitakupeleka kwa daktari," Noeline alisema walipouacha mji. "Usinijibu. Bado nina hasira."

"Sawa."

Walikwenda kati ya mashamba, kondoo na wanakondoo wao kila upande, yaani kila upande kwa Noeline. Walipokaribia daraja la kwanza baada ya Fortrose, Noeline alipunguza mwendo, akasogea katikati ya barabara, akainua vidole vyake kwenye usukani kusalimia.

"Mpungie basi," alisema. "Anakupungia wewe."

"Nani?"

Noeline alimtupia jicho. "Mtoto wa akina Heenan. Juu ya farasi."

Lyall aligeuza kichwa, kisha shingo, kisha mabega. Msichana wa miaka tisa au kumi, helmeti ya zambarau, juu ya farasi mfupi mnene, alikuwa ukingoni mwa barabara upande wa kushoto, ameshapitwa, mkono bado uko juu.

"Leo ndiyo kaanza kuja huku?"

"Huyu? Kila Jumapili. Tangu Krismasi alipopewa farasi."

Lyall alikuwa amepita pale kila Jumapili tangu Krismasi. Alikuwa amepita asubuhi hiyo hiyo, na tela nyuma yake, tela pana kuliko pikapu kwa mkono mzima kila upande.

"Simamisha," alisema.

Noeline akasimamisha, na Irvine nyuma yao akasimama pia. Lyall hakushuka. Alikaa ameigeuza shingo mpaka ikauma, akimtazama mtoto yule akija taratibu na farasi wake ukingoni, hadi alipowafikia, akawapita akiwapungia mkono kwa mara ya pili, akaingia kwao na kulifunga geti.